Mkutano Uliombakiza Subira Kisiwani

Wanangu mnaoingia kwenye kazi hii ya kuandaa mikutano, jifunzeni kwanza kukaa. Sisemi kukaa kazini, nasema kukaa kwenye kiti. Mzee Severini, aliyenifundisha kazi, alikuwa haruhusu ukumbi ufunguliwe mpaka amekaa kwenye kila kiti, kimoja baada ya kingine, na suti yake ya kaki, anajitikisa kidogo kama mtu anayejaribu gari la kununua. Tukimcheka anasema, "Cheka tu, Aika. Siku mgeni rasmi akidondoka na kiti, utacheka vizuri zaidi."

Aika ndiye mimi. Jina kamili ni Aikande, ila mjini hapa nani ana muda wa kumalizia jina la mtu? Wazazi wangu walishuka kutoka Machame wakafungua kiduka cha madaftari Kariakoo, nami nikazaliwa humo humo katikati ya makelele. Ofisi yetu ya mikutano ilikuwa Mchafukoge, ghorofani, juu ya duka la vitenge, na mpaka leo nakaa mtaa wa pili kutoka hapo. Nikifungua dirisha asubuhi nasikia mikokoteni, nasikia watu wanavyoitana. Sisikii mtu anayeniita mimi.

Mmetaka niwaambie ninayoyajua. Haya. Meza ya chai isiwe karibu na mlango wa nje. Ukiiweka hapo, umewaaga wajumbe. Maiki ijaribiwe watu wakiwa wamejaa, maana miili inakula sauti. Mgeni atakusamehe wali mbichi, lakini hatakusamehe kumkosea jina lake. Na mzungumzaji asiyetaka kumaliza msimpelekee kikaratasi, hatakisoma. Mpelekeeni maji. Nenda taratibu mpaka pale mbele, weka glasi, mwinamie umwambie, "Maji, mheshimiwa." Atakunywa. Akinywa atasahau alipofikia, na hapo mwenyekiti anamshukuru kwa hotuba nzuri. Hiyo alinifundisha Mzee Severini, Mungu amrehemu, na haijawahi kuniangusha.

Lakini hayo yote ni nusu ya kazi. Nusu nyingine aliijua Subira.

Mimi nilishika ukumbi, makaratasi na wageni rasmi. Subira alishika vyakula na malazi. Tuliingia ofisini mwaka mmoja, wote wasichana, tukazeeka kwenye meza mbili zinazotazamana. Alikuwa mtu wa Magomeni, mnene kiasi, mwepesi kuliko wembamba wote, na alikuwa na kicheko cha ajabu. Kilianza mabegani bila sauti, mabega yanapanda na kushuka, ukidhani amepaliwa, halafu kikatoka kwa mkupuo mmoja na kukatika ghafla. Nimeshaona waziri akipoteza mstari wa hotuba kwa sababu ya kicheko hicho.

Baba yake alifariki Subira akiwa bado shule ya msingi. Alikuwa mpakuzi wa magunia hapo sokoni Kariakoo, mtu wa maneno machache, na wenzake walimwita "mtu wa visiwani". Hapa mjini ukisema visiwani, kila mtu anaelewa Zanzibar. Kwa hiyo Subira alipokuwa mtu mzima alivuka kwenda Unguja kutafuta ndugu. Alizunguka mitaa, akauliza wazee barazani, akaingia misikitini. Nilimpokea bandarini aliporudi.

"Umewapata?"

"Nimepata karafuu," akasema, akanipa kifuko. Hatukulizungumza tena.

Sasa, mkutano wenyewe. Wataalamu wa hali ya hewa wa nchi za kanda yetu walikuwa wakikutana kila baada ya muda, leo mji huu, kesho mji ule, daima hotelini, kwenye kiyoyozi. Mwaka huo mmoja wao akasimama akasema, "Kila tukikutana tunawazungumzia watu wa visiwani, kwamba tahadhari hazifiki kwao. Kwa nini tusikutanie huko?" Wote wakapiga makofi. Wanangu, ukisikia makofi kwenye kikao, jua kuna mtu mahali fulani ameongezewa kazi. Safari hii mtu huyo alikuwa mimi na Subira.

Kisiwa chenyewe kinaitwa Mwamboza, kiko mbali kusini, kidogo, hakina hoteli, hakina gari. Kila kitu tulikibeba kutoka Kariakoo: jenereta, projekta, waya, vikombe, magodoro, hata misumari. Mifuko ya wajumbe tuliichapisha kwa kijana mmoja kwenye uchochoro nyuma ya soko. Alipotuletea, imefungwa vizuri, tukaipakia kwenye boti. Tulipoifungua kisiwani tukakuta kila mfuko umeandikwa kwa wino wa bluu unaometameta: MKUTANO WA HALI YA HAWA.

Nilikaa chini mchangani. Subira akasoma, mabega yakaanza kupanda na kushuka.

"Usicheke, Subira. Hawa ni nani?"

"Hawa ndiye mama yetu sote, dada. Na hali yake wajumbe wataijadili vizuri."

Kumbe kisiwani kulikuwa na kina Hawa wengi. Habari ikazagaa, na kabla ya jua kutua, Hawa mkubwa, Hawa mdogo na Hawa mkwe walikuwa wamefika kuuliza mifuko yao inatolewa wapi. Tuliwapa iliyozidi. Hao ndio waliotupokea baadaye jikoni kwa moyo mmoja, kwa hiyo siwezi kusema yule kijana alituharibia.

Kwa kuwa hapakuwa na hoteli, wageni walilazwa majumbani. Subira alipanga nani alale kwa nani, na nilifuatana naye kukagua vyumba. Mambo ya Mzee Severini tuliyahamishia vitandani: kila kitanda Subira alijilaza, akageuka ubavu huu na huu, akasikiliza kama kinalia. Watoto walitufuata nyumba hadi nyumba wakishangaa wanawake wawili wa mjini waliokuja kulala mchana.

Tukafika nyumba ya bibi mmoja, Bi Mwanahawa, mjane, nyumba nadhifu ya mawe upande wa mashariki. Tukapiga hodi, tukaamkia, akatuonyesha chumba. Subira akajilaza. Kitanda kikatoa mlio mrefu, kama mbuzi aliyekanyagwa. Subira akaanza kutikisika mabega, kisha kicheko kikatoka kwa mkupuo wake na kukatika.

Bi Mwanahawa alikuwa mlangoni. Akashika mwimo wa mlango.

"Cheka tena," akasema.

Subira akainuka akakaa. "Nisamehe, bibi. Sikucheka kitanda chako kwa dharau."

"Sijakasirika. Nimesema cheka tena, mwanangu."

Nani anaweza kucheka akiamrishwa? Yule bibi akasogea, akamtazama Subira usoni, karibu sana, kama anayesoma maandishi madogo.

"Baba yako nani?"

"Marehemu. Alikuwa akiitwa Faki."

"Faki wa nani?"

"Faki Mbwana."

Bibi akaketi kitandani ubavuni mwake. Kitanda kikalia tena, na safari hii hakuna aliyecheka. "Akila," akasema polepole, "alikuwa akishika sikio?"

Nikamtazama Subira. Katika miaka yote ile mezani kwangu hakuwahi kuniambia jambo hilo, na nadhani alikuwa amelisahau mpaka dakika ile. Mkono wake wa kushoto ulipanda wenyewe mpaka sikioni, ukabaki hapo.

"Mama alikuwa akimgombeza," akasema. "Anamwambia, hilo sikio halikimbii."

"Na sisi tulimgombeza hivyo hivyo," akasema Bi Mwanahawa. "Huyo ni kaka yangu. Tulimsubiri, tukamsubiri, mwisho tukamsomea hitma. Tulisema bahari imemla. Kumbe aliliwa na Kariakoo."

Mnadhani Subira alilia? Alisimama, akanyoosha shuka, akapigapiga mto. "Kitanda kinafaa," akaniambia. "Atalala hapa mgeni wetu wa Madagaska." Akatoka nje na hatua zake za kawaida. Tulipopita kona, akakaa chini ukutani. Nikakaa naye. Hapo ndipo alipolia, na wale watoto waliokuwa wakitufuata wakarudi nyuma kwa heshima, wakatuacha.

Mkutano uliendelea. Mkutano ni kama ujauzito, haukuulizi kama una shida zako. Wajumbe walikaa kwenye madawati ya shule, magoti yakigusa videvu, wakabishana kuhusu mawimbi, mvua na vimbunga. Hoja kubwa ilikuwa hiyo moja: ofisi zinatoa tahadhari, lakini watu wanazisikia na hawaondoki, kwa nini? Mngazija mmoja alisema ni lugha. Mwingine akasema ni redio. Wazee wa kisiwa waliokaribishwa wakasema mtu haondoki kwake kwa sauti ya mtu asiyemjua. Yalikuwa mazungumzo mazuri. Nimefanya mikutano mikubwa kuliko huo, yenye bendera na ving'ora, na hakuna ninaoukumbuka kama huo.

Saa za chai nilimtafuta Subira nikamkosa. Chai ilikuwa mezani, vitumbua vya moto, kila kitu sawa, yeye hayupo. Nilijua aliko. Alikuwa kwa shangazi yake, akipelekwa nyumba kwa nyumba: huyu binamu yako, huyu mtoto wa baba yako mdogo, hapa baba yako alianguka mnazi. Akirudi ananisimulia tukiosha vikombe. Alichokuwa akikiuliza kwa kila mtu ni kwa nini baba yake hakurudi, na hakuna aliyejua. Mzee mmoja alimwambia pengine alikuwa akisubiri apate cha kurudi nacho. Subira alilikariri jambo hilo mara kadhaa, huku sahani iko mkononi na maji yanachuruzika.

Mmetaka niwaambie ninayoyajua, basi niseme: nilifurahi kwa ajili yake, na nilikuwa na wivu. Nilikuwa nimezoea kuwa ndugu yake peke yangu.

Asubuhi ya siku ya mwisho nikaona wataalamu wameinamia laptopu moja. Mwenyekiti, mama mmoja mrefu kutoka Kenya, akaja kwangu. "Mama Aika, upepo unageuka. Boti lazima iondoke kabla ya adhuhuri, la sivyo tutakwama hapa mpaka bahari itulie."

Nikatangaza. Mnajua kilichotokea? Mmoja akauliza, "Na picha ya pamoja?" Mwingine akasema pilau limekaribia kuiva, si busara kuliacha. Wa tatu alitaka kwanza kusoma maazimio yote, aya kwa aya. Mwenyekiti akaanza kucheka mpaka akafuta machozi. "Ongezeni azimio moja," akasema. "Hata sisi wenyewe tahadhari tunaisikia na hatuondoki." Ndipo wakashtuka, wakaanza kukimbia na mifuko yao ya Hawa begani, na pilau tukalifunga kwenye ndoo.

Ufukweni palikuwa vurugu. Nilikuwa ndani ya maji mpaka magotini, napokea masanduku, namwita huyu, namwita yule. Begi la Subira lilikuwa limeshapanda, nililipandisha mwenyewe. Nikageuka. Alikuwa amesimama mchangani na Bi Mwanahawa, wameshikana mikono.

Nikarudi nchi kavu. "Subira, panda. Wiki ijayo tuna kikao cha wahasibu."

"Najua."

"Basi twende. Utarudi kumwona."

Akamtazama shangazi yake. Yule bibi akaachia mkono wake na kunigeukia mimi, macho makavu.

"Usidhani namzuia," akaniambia. "Baba yake aliniagia hapa hapa. Alisema anakwenda kutafuta kazi, sikukuu atarudi. Nilikuwa na mtoto mgongoni, nikamwambia haya, nenda salama. Sikumzuia yeye, na huyu simzuii. Ila sijamshiba."

Nahodha akapiga honi. Upepo ulikuwa umeshaanza kuzivuta kanga zetu.

Wanangu, kila Desemba sisi watu wa Kilimanjaro tunaufunga mji tunapanda mabasi kwenda kwetu. Na kila Desemba aliyenisindikiza stendi alikuwa Subira. Alinibebea mabegi, akanitafutia kiti cha dirishani, akanipa vitafunwa vya njiani, akasimama pale akipunga mkono mpaka basi linatoka. Halafu alirudi Magomeni kwenye chumba chake. Ameachika zamani, binti yake mmoja ameolewa Dodoma. Sikuwahi kumwuliza hata siku moja anarudi kwa nani. Pale ufukweni ndipo swali hilo liliponijia.

Nikaingia majini. Nikamwambia baharia anipe lile begi jekundu. Akasema tumechelewa, mama. Nikamwambia nipe begi. Nikalitwika kichwani lisilowe, nikalitoa, nikaliweka mchangani miguuni pa Subira.

"Wiki mbili," akasema. "Nakuja baada ya wiki mbili tu, dada."

"Wahasibu hawali sana," nikasema. "Nitawamudu."

Wiki mbili hazijaisha mpaka leo. Kwanza shangazi alikuwa na homa. Kisha kulikuwa na harusi. Kisha akanipigia simu kwa aibu, akaniambia ameanza kuwapikia watoto wa shule uji, na walimu wamemwomba asiondoke kabla ya mitihani. Nikamwambia nimeelewa. Bosi aliniuliza nani akae kwenye meza ile, nikasema yeyote. Walikaa wengi, wasichana wazuri, wachapakazi. Hakuna aliyewahi kulala kitandani mwa mgeni kusikiliza kama kinalia. Mimi nikawa nalala peke yangu kwenye vitanda vya hoteli, nageuka huku na huku, na hakuna wa kumwambia, "Hiki kinafaa."

Karibu na kustaafu ikaja mikutano ya kwenye kompyuta. Nyuso za watu kwenye vijumba kama picha za pasipoti. Niliwauliza vijana wa ofisini, chai wanakunywa saa ngapi? Wakacheka. "Mama, kila mtu anakunywa kwake." Ndipo nilipojua muda wangu umefika.

Mwezi uliopita Subira alikuja mjini kutibiwa macho, hospitali kubwa kule Upanga. Bi Mwanahawa ameshatangulia mbele ya haki, na Subira ndiye mwenye nyumba ile ya mawe sasa. Alikaa kwangu. Nilikuwa nimesafisha, nimepika, nimepanga tutakavyozunguka. Siku alipofunguliwa bandeji nikampeleka Kariakoo, nikidhani atafurahi. Alinishika mkono kama mtoto. Mtaa ambao tulikuwa tukinunua vikombe huku tumefumba macho, yeye na mimi, tukibishana na wauzaji kama ndugu zetu, hakuutambua. "Watu wengi, dada," akaniambia. "Hakuna anayemwamkia mwenzake."

Jioni ile tukinywa chai akauliza, "Daktari amesema naweza kwenda nyumbani lini?"

Nikataka kumwambia nyumbani si hapa? Nikamwambia, "Ijumaa ipo boti."

Ijumaa nikamsindikiza bandarini. Mnajua kulivyo siku ya boti: watu wamesongamana langoni, mizigo juu ya mizigo, mtoto analia, kuku wanalia, mpakiaji anamtukana mpakiaji. Subira alisimama akatazama kwa macho yake mapya. Nikaona mabega yanatulia kwa namna ninayoijua.

"Dada, hawa watu wamepangwa vibaya."

"Nimeona."

"Wazee wako juani."

Basi akaweka kikapu chini. Akamwambia kijana mwenye magunia ayasogeze ukutani, kwa upole, huku ameshamshika bega. Mimi nikawaita wazee na wenye watoto wachanga wapite upande wa kivuli. Yeye akashika mizigo, mimi nikashika watu, bila kuambizana. "Wewe baba, tiketi mkononi, si mfukoni." "Mama, huyo jogoo apande mwisho." Foleni ikanyooka. Nahodha akatoka kuchungulia kulikoni kimya, akatuuliza, "Nyie akina mama ni wa ofisi gani?"

"Sisi ni watu wa mikutano," akasema Subira, kisha akacheka, mkupuo mmoja, ukakatika.

Alipanda wa mwisho. Tulishikana mikono tu, maana nyuma yake walikuwa wanavuta ngazi. Alikaa upande wa bahari, sikumwona tena.

Nikabaki pale nje. Boti ilikuwa imeshageuza pua akaja dada mmoja mbio, jasho linamtoka, begi linagonga miguu. Akaniona nimesimama langoni kama mwenye lango, akanishika mkono.

"Shikamoo mama. Boti ya Mwamboza imeshaondoka?"

"Marahaba. Imeondoka, mwanangu," nikamwambia. "Nimeipakia mwenyewe."